Pomade ya Mixte

Kabambare, kwa Mama Faradji, nyuma ya soko
Tarehe 9 ya mwezi wa kumi na moja, 2023

Mpendwa yaya Apolline,

Nakusalimu kwa mikono miwili, yaya, dada yangu mukubwa. Umeamkaje? Miguu yako ingali inavimba ukisimama siku nzima sokoni? Shemeji Hervé iko na kazi? Elsa na Grâce wanasoma vizuri? Redio ilisema ziwa limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu huko Uvira, nikawaombea. Kama maji hayakufika kwenu, nimushukuru Mungu.

Mimi mwili wangu unasimama. Baba na mama kule Lusangi wanasimama pia, mihogo wamepanda, ni mugongo wa baba tu unaomusumbua. Huo ndio uzima nilio nao wa kukupa. Haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Naandika kwa sababu simu imeshindikana. Mahamudu, yule mwenye kuuza vitenge anayekujaga kununua mali huko kwenu, alituambia simu yako iliibwa na haujanunua ingine. Ni yeye anakuletea barua hii. Atakaa Uvira siku nne tu. Nakuomba usimuache aondoke mbele yako mpaka umesoma yote, kwa sababu kitu ninachokuomba atakibeba yeye.

Yaya, mutoto wangu Malaika iko mugonjwa sana, na mimi ndiye nilimugonjesha.

Unakumbuka nilipokuwa nimezaa, ulinipigia simu ukauliza uso wangu iko namna gani. Nikakuambia paji la uso linatoa mafuta kama sufuria ya kukaangia ndizi, mashavu yanakauka mpaka yanapasuka, na kidevu kimejaa vipele. Ulicheka sana. Ukasema, «Dieudonnée, nimekuelewa, ngozi yako naijua, nitakutumia kitu.» Kisha rezo ya simu ikakatika, na mimi nikasahau, maana mutoto alikuwa analia.

Mwezi wa tano kifurushi chako kikafika. Nilifurahi mpaka nikacheza. Nguo za mutoto, kofia, soksi, na ndani ya nguo za mutoto, umevifunga vizuri visivunjike, vikopo sita vya pomade. Na karatasi kwa mukono wako: «Hii ni ya mixte. Kunawa kwanza, kukausha, halafu kupaka kidogo asubuhi na magaribi, kila siku bila kuruka.»

Mixte. Yaya, unajua mimi niliacha masomo mwaka wa tano, mwaka ule wewe uliolewa. Kifaransa changu ni cha kusikia. Na neno hilo nililisikia mahali pamoja tu, humu nyumbani. Mama mukwe wangu, Mama Faradji, analisema kila siku kama mutu anayesema Bismillahi. «Sisi watu wa Kasongo mujini ni mixte.» Babu wa babu yake alikuwa Mwarabu wa biashara ya zamani, anasema, alioa hapa, ndiyo maana pua yao iko vile. Nilipoletwa kuwa bibi wa Djamali aliniambia, «Wewe mutoto wa Lusangi, umeingia kwa watu mixte, ujue kukaa.»

Malaika alipozaliwa alikuwa mweusi, mweusi mzuri wa kung'aa, kama mama yetu. Mama Faradji akafunua kitambaa, akatazama, akamuita bwana wangu: «Ee Djamali, huyu mulimusahau juu ya moshi pamoja na samaki?» Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, nilikuwa nimechoka. Kisha akanipiga begani akasema, «Usijali, damu yetu inachelewaga. Itatoka.»

Sasa mutu kama mimi apate vikopo ndani ya nguo za mutoto, juu vimeandikwa peau mixte, ngozi ya mixte, afikiri nini? Mimi niko Mubangubangu kwa baba na kwa mama. Djamali hajawahi kupaka kitu isipokuwa vazelini. Nikasema yaya Apolline ana akili, anajua niliolewa wapi. Mixte mupya wa nyumba hii ni Malaika. Pomade ni yake, ya kuitoa ile damu inayochelewa.

Nimeandika hivyo ili ionekane ni kosa la kusoma, lakini wewe ni yaya wangu, nisikudanganye. Kuna siku moja nilisimama na kikopo mukononi nikajiuliza kwa nini mutoto mwenyewe iko na ngozi laini hivi apakwe pomade yenye harufu kali hivi. Nilijiuliza, yaya. Lakini nilitaka. Nilitaka Mama Faradji afunue kitambaa tena na anyamaze.

Basi nilifanya kama ulivyoandika. Kunawa, kukausha, kupaka, asubuhi na magaribi, mwili muzima. Sikuruka hata siku moja. Hata siku nilipokuwa na homa ya malaria nilitambaa nikamupaka.

Na ilifaa! Hiyo ndiyo inaniuma. Mwezi wa sita ngozi ilianza kuwa nyekundu-nyekundu, halafu nyeupe. Mwezi wa saba mashavu yakajaa, tumbo likajaa, akawa mviringo kama maandazi. Wanawake sokoni walikuwa wananinyang'anya mutoto wambebe. Zile nywele laini za ngozi, si unajua zinaitwa malaika, zikamuota kwenye paji la uso na mugongoni, Mama Faradji akacheka akasema jina limemupata mwenyewe. Akamuchinjia kuku. Na yeye akachukua kikopo kimoja. «Na mimi je, si mixte?» akasema. Nikampa kwa moyo wote. Siku zile, yaya, niliheshimiwa katika nyumba hii.

Mwezi wa kumi nikamupeleka kupimwa uzito. Munganga anayepima watoto ni Gédéon, kijana mupole, anaongea taratibu. Aliweka mutoto kwenye mizani, akamulaza kwenye ubao wa urefu, akaandika, akafuta, akamulaza tena.

«Mama Malaika, unamupaka nini mutoto?»

«Mafuta tu.»

«Mafuta gani?»

«Ya mutoto.»

Akafunua shingo, chini ya ile mikunjo ya kidevu, na mapajani. Kulikuwa na vidonda vidogo vyenye maji. Mimi nilikuwa nasema ni joto. Ngozi ilikuwa nyembamba, mishipa inaonekana kama mistari ya daftari. Akaniambia, «Kilo zimepanda sana, lakini urefu umesimama tangu mwezi wa saba. Mutoto hanenepi namna hii bila kurefuka. Kesho uniletee hayo mafuta niyaone.»

Sikupeleka. Niliona haya. Nilirudi nyumbani nikachukua vikopo viwili vilivyokuwa havijafunguliwa, na kile nilichokuwa natumia, nikavitupa vyote chooni. Nikasema basi, imekwisha, nimuoshe mutoto wangu kwa maji matupu, Mungu atanisamehe na munganga hatajua.

Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya pili akatapika. Siku ya nne asubuhi nilimuinua anyonye, shingo ikaanguka nyuma, mikono ikaanguka, baridi kama kitambaa kilicholowa. Macho nusu wazi. Nilipiga kelele. Mama Faradji alimunyang'anya mikononi mwangu akakimbia naye hospitali, mutu wa miaka sitini na tatu, ndara zake zilibaki kwenye matope na hakugeuka kuzichukua.

Walimutia maji ya sukari kwenye mushipa. Walimuchoma mara tano kuutafuta, kwa sababu ya unene ule. Gédéon akaja akasimama mbele yangu. Hakukasirika. «Sasa niambie,» akasema.

Nikamuambia yote. Nikasema ni pomade ya mixte. Akauliza mixte gani. Nikamuambia ya watoto waliochanganyika damu, ya Mwarabu na ya sisi weusi. Infirmiye mumoja, musaidizi wa munganga, aliyekuwa anashika chupa ya maji aliangua kicheko, halafu akaona uso wangu, akatazama pembeni. Gédéon akavuta kiti akaniambia, mixte ni jina la ngozi ya mutu yeyote, mweusi ao mweupe, inayotoa mafuta mahali pamoja na kukauka mahali pengine. Paji la uso linang'aa, mashavu yanapasuka.

Ngozi yangu, yaya. Ulikuwa unanijibu mimi.

Pomade za namna hiyo anazijua, akasema, hata mimi isingenifaa, kwa sababu ndani yake mumewekwa dawa kali, clobétasol, ya kutibu magonjwa ya ngozi kwa siku chache tu. Watu wanaiweka kwenye pomade kwa sababu inang'arisha. Ngozi ya mutoto inainywa yote. Alinieleza hivi: mwili wa kila mutu unatengeneza ndani yake nguvu fulani kila siku. Dawa hii inaleta nguvu ile ile kutoka inje, tena nyingi, basi mwili wa Malaika ukaona hakuna haja, ukaacha kufanya kazi. Halafu mimi nikakata yote siku moja. Hakubaki na ya inje, hakubaki na ya ndani.

«Haiachwi namna hiyo,» akasema. «Inaachishwa polepole, kama ziwa la mama.»

Akauliza kama pomade ingine imebaki. Nikasema yote iko chooni. Mama Faradji alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu bila viatu. Akainuka akatoka. Alirudi na kikopo chake, amekifunga kwenye pembe ya kitenge. Pomade imebaki chini tu, kama doa la upana wa vidole viwili. Akaniwekea mukononi akasema, «Chukua, mwanangu. Mimi nizeeke na rangi niliyopewa.» Tangu siku ile hajasema tena lile neno, na mimi namuona anavyokaa, anatazama mutoto, anavuta ushanga wa tasbihi, anatazama mutoto.

Kwa hiyo, yaya, bado namupaka. Uelewe hilo, maana hapa watu hawaelewi. Gédéon ameniandikia karatasi ya kila siku, imebandikwa ukutani kwa ugali. Asubuhi namuosha kwa maji yaliyochemka yakapoa, sabuni ya kipande isiyo na harufu. Namukausha kwa kumugusa-gusa, si kwa kusugua, kwa sababu ngozi inatoka. Vidonda natia dawa ya rangi ya zambarau. Halafu vazelini mwili wote. Na kisha ile pomade, kwenye tumbo tu, juma la kwanza kipimo cha punje ya muhindi, juma la pili nusu yake, sasa ni punje ya muchele. Magaribi hapana tena. Kila asubuhi nachovya kidole kwenye kitu kinachomuua mutoto wangu na namupaka ili asife. Mara zingine namuita Mama Faradji anishike kiwiko kipimo kisizidi.

Kwenye bomba la maji wanawake wamepata jina langu jipya. Wananiita Mama Muzungu. «Mama Muzungu, leo umemupika mpaka amebadilika rangi gani?» Wale wale waliokuwa wananinyang'anya mutoto. Nabeba maji yangu naondoka. Nikiwajibu nitalia, na nikilia mutoto anasikia.

Pamoja na pomade, Gédéon alikuwa anamupa vidonge vya hydrocortisone, ni ile nguvu ya mwili ndani ya kidonge, anavikata vipande vinne kwa wembe. Hivyo ndivyo vya kumuvusha, akasema, pomade peke yake haitoshi na haipimiki vizuri. Hospitali ilikuwa na pakiti moja. Iliisha Jumapili. Hapa Kabambare hakuna, Salamabila tumeuliza hakuna. Mbele haijaisha Djamali alichukua pikipiki kwenda Kasongo kutafuta. Leo siku ya sita, mvua haiachi, hatujapata habari yake. Labda amepata anarudi. Labda amekwama. Sijui, yaya. Nimechoka kusema labda.

Tangu Jumapili Malaika analala sana. Gédéon anakuja kumutazama kila siku akitoka kazini, anamushika miguu, anamufinya kidogo kuona kama atalia. Alitazama kikopo akaniambia pomade itafika siku ishirini kama kidole changu hakikosei. Mahamudu kwenda na kurudi, na barabara hii ya mvua, anasema siku ishirini, labda ishirini na tatu. Nimehesabu mara nyingi. Haibadiliki.

Ndani ya barua hii utakuta karatasi ya Gédéon, iko na muhuri. Ameandika jina la dawa na vipimo. Pakiti tatu. Ununue kwa farmasi ya kweli, yaya, si kwa wale wa meza za sokoni, hata kama ni rafiki zako. Muombe mwenye farmasi akusomee kwa sauti jina lililo kwenye pakiti na jina lililo kwenye karatasi, yawe moja, na tarehe iwe haijapita. Kama kuna mutu mwingine anayemutangulia Mahamudu kutoka Uvira, mupe yeye. Kama ni pikipiki ya kubadilishana mpaka Fizi, halafu ingine, mupe. Uifunge na plastiki mbili.

Utajiuliza kama nakulaumu. Nilikulaumu. Siku ya maji ya sukari nilisema, yaya anauza sokoni kitu asichokijua. Kisha nikakumbuka na mimi nilipaka kitu nisichokijua. Wewe ulinitumia zawadi kwa sababu nilikuambia mashavu yangu yanapasuka. Hakuna mutu mwingine tangu niolewe aliyewahi kuniuliza uso wangu iko namna gani. Sitaki zawadi ile iwe ndiyo ya mwisho uliyonifikiria.

Lakini vile vikopo ulivyo navyo mezani, nakuomba kwa magoti, viondoe. Najua ndiyo chakula cha watoto wako. Kama huwezi vyote, basi mwanamuke akija amebeba mutoto mugongoni, usimuuzie. Mwambie tu vimeisha.

Kuhusu uso wangu, usihangaike. Vipele vilipona vyenyewe mwezi wa nane, ao labda viko, sijajitazama kwenye kioo siku nyingi.

Usinitumie maneno ya kunituliza. Siwezi kuyashika sasa. Kuna wakati namutazama amelala na nafikiri tayari anaondoka, ananiachia tu joto kidogo ili nisishituke. Halafu anapiga chafya, na mimi nacheka peke yangu kama kichaa, naanza tena kufikiri akitembea, nimushonee nguo gani, nani atamusuka. Niko hivyo siku nzima, kwenda na kurudi. Mama Faradji ananiambia nichague moja nipumuzike. Siwezi kuchagua. Mimi ni mama yake.

Nikuombe jambo la mwisho. Ukimaliza kusoma utataka kulia, nakujua. Usilie kwanza. Funga meza, chukua karatasi, nenda farmasi. Mutie Mahamudu dawa mukononi, uone ameiweka ndani ya shati na si kwenye muzigo. Halafu urudi nyumbani ulie, na mimi huku nitakuwa nalia, tutakuwa wawili.

Munisalimie shemeji Hervé sana, mwambie asikukasirikie. Elsa na Grâce muwabusu, muwaambie wana mudogo wao huku anaitwa Malaika, wamuweke kwenye sala yao hata kama hawamujui. Mama Faradji anakusalimu, amesema niandike hivi hivi: «Dada yake, hatuna deni la maneno kati yetu.» Baba na mama wa Lusangi sijawaambia bado. Usiwaambie mbele mimi sijawaambia.

Mungu aliyekulinda na maji ya ziwa akulinde na huzuni hii, akupe miguu myepesi siku utakayosoma barua hii.

Ni mimi, mudogo wako wa tumbo moja, ninayekupenda leo kama jana,

Dieudonnée, mama Malaika

Nimefungua barua tena, Mahamudu anawasha pikipiki. Asubuhi hii Malaika amenyonya. Upande mumoja tu, ule wa pili aliukataa, akalala. Djamali hajafika. Wahi, yaya.